Shajara ya mradi: panya, makombo na visiwa vya mbele ya Kunduchi

Juni, mwanzoni

Kusi imeshaanza na manahodha wamepunguza safari. Ingekuwa mradi wa kupiga picha tungesubiri kaskazi, bahari ikae sawa. Lakini ndege wa baharini wa upande huu wa pwani wana tabia ya kutaga wakati bahari imechafuka. Kenya, kwenye visiwa vya Kiunga na kile kijiwe cha Watamu kinachoitwa Whale Island, buabua hutaga miezi hii hii ya kusi. Kwa hiyo kama kuna jambo la kujua kuhusu visiwa vyetu, linajulikana sasa, mtu akiwa amelowa mpaka magotini.

Kwa anayetukuta katikati: sisi ni wajitoleaji wachache, wengi wa Kunduchi na Mtongani. Tunataka kujua kama panya wamefika kwenye vile visiwa vidogo ambavyo watu hawalali, na kuwazuia wasipande boti kwenda huko. Hatuna boti yetu, hatuna ofisi. Tuna barua ya kuruhusiwa, mishumaa na siagi ya karanga.

Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa mwaka 1975 kwa sheria ya uvuvi. Ilipokuja Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, vikawa na kitengo chake cha kuvisimamia, na baadaye vile vya kusini mwa bandari, akina Sinda, Makatube na Kendwa, vikaongezwa. Ukisoma historia hiyo unaona macho yote yalikuwa majini: matumbawe, samaki, na baruti zilizokuwa zikipasua miamba ya mbele ya jiji. Sina ugomvi na hilo, baruti ilikuwa balaa. Ila ndege hatagi majini. Anataga juu, kwenye jiwe kavu au mchanga usiofikiwa hata na maji makubwa ya bamvu, mara nyingi bila hata kujenga kiota cha maana. Na kule juu adui zake ni panya, kunguru, na mtu mwenye ndoo ya kuokotea mayai.

Kwa sababu ya huyo wa ndoo, jina la kisiwa tunachofanyia kazi halitaandikwa humu. Wa Kunduchi watakijua, na wao hawahitaji kuambiwa njia.

Juni, siku za maji mafu

Siku ya kupika nta. Tumeyeyusha mishumaa ya dukani kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto (usiiweke nta juu ya moto moja kwa moja, itashika), tukakoroga siagi ya karanga hadi ikawa rangi ya maziwa yenye chai kidogo, tukamimina kwenye vifuniko vya chupa kubwa za maji. Ikikauka unapata kidonge kigumu kinachonukia karanga. Kimoja kati ya vidonge hivyo tumekitia unga wa dagaa badala ya karanga. Kinanuka mpaka jirani ameuliza tunapika nini.

Kidonge hakina sumu. Kazi yake ni kuhifadhi alama za meno. Panya ana meno mawili ya mbele juu na mawili chini, na hayaachi kukua, ndiyo maana hawezi kukaa bila kutafuna. Akiuma nta anaacha mifereji miwili iliyolala sambamba, kingo zake kali. Kaa naye anakuja, tena anakuja kwa fujo, lakini yeye anatumia magando: anabana, anachuna, anaacha vishimo vya ovyo na mikwaruzo inayokwenda kila upande. Ukishaona vyote viwili pamoja mkononi huwezi kuvichanganya tena.

Tumetengeneza pia vijumba vya wino. Dumu la lita tano la mafuta ya kula, limekatwa kichwa na kitako. Ndani unaweka karatasi nyeupe, katikati ya karatasi sponji iliyolowa rangi ya chakula na mafuta kidogo ili isikauke. Mnyama akipita anakanyaga rangi na kuacha nyayo pande zote mbili. Mguu wa mbele wa panya una vidole vinne, wa nyuma vitano. Kaa anaacha nukta nukta.

Juni, mwishoni

Majaribio yamefanyika nchi kavu, nyuma ya vibanda vya kukaangia samaki. Kila mtu alijua tutapata nini, lakini tulihitaji kuyaona meno ya kweli kabla ya kuanza kubahatisha kisiwani. Asubuhi nta zote za karanga zilikuwa zimechongwa. Kwenye moja, mifereji ilikuwa imepangana vizuri kiasi kwamba tumeihifadhi iwe kielelezo: ukipitisha ukucha unausikia ukiteleza kwenye bonde moja, unaruka kituta chembamba, unaingia la pili. Ile ya dagaa ilikuwa imebebwa yote na kifuniko chake. Paka, bila shaka.

Mama lishe mmoja alitutazama tukifurahia panya, akasema, "Hawa wanangu, wenzenu wanawafukuza, ninyi mnawalisha." Tukamwonyesha kile kidonge. Akakigeuza, akakipitishia kidole, akasema sasa anajua ni nani anayemtobolea gunia la viazi.

Julai, wiki ya kwanza

Leo tulikwenda kwa nahodha ambaye mashua yake ndiyo hupeleka mizigo visiwani: mkaa, barafu, kreti za soda, viazi, kuni. Mzee wa makamo marefu, mwenye kofia ya ukili na maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja na mishumaa yenu?" Habari ilikuwa imeshamfikia.

Tukamweleza kwamba tunataka kuweka vidonge kwenye boti zinazobeba abiria. Akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, panya hapandi boti ya abiria. Atapanda afuate nini, miwani ya jua? Panya anapanda penye unga."

Akatuchukua hadi mahali anapopakia. Mzigo wa Jumamosi unaletwa Ijumaa jioni, unalala juu ya mchanga, umefunikwa turubai. Alfajiri unabebwa kama ulivyo. Panya hahitaji kuipanda boti, anahitaji tu kulala ndani ya gunia la mkaa lenye nafasi kati ya vipande, au kwenye tenga lenye majani, na vijana watampakia wenyewe mabegani. Tulikuwa tumepanga mradi mzima kuzunguka boti na gati. Mzee aliuhamishia usiku wa Ijumaa, chini ya turubai, na hakuna kitabu ambacho kingetuambia hivyo.

"Na mkitaka niupakie mzigo asubuhi," akaongeza, "nani atanilipa maji yakinipita?" Ni swali la haki. Maji yakishatoka hapa, boti iliyopakiwa inakaa juu ya mchanga mpaka yarudi.

Julai, kusi kali

Hakuna anayetoka. Nimetumia siku hizi kusoma, na ningependa wenzangu wasome pia, kwa hiyo nayaweka hapa.

La kwanza ni la jirani. Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, ilitangazwa hifadhi na serikali ya Zanzibar mwaka 1994. Mwaka huo huo buabua wenye kifua cha waridi walitaga pale kwa mamia. Kisiwa kilikuwa na panya, wakaondolewa mwaka 1997. Leo kuna msitu wa juu ya mwamba, kuna paa nunga waliopelekwa kule kwa usalama, na kuna yule kaa mkubwa apandaye minazi, ambaye kwingine ameliwa hadi kutoweka. Wageni ni wachache na wanajulikana wamekuja na boti gani. Hapo ndipo tofauti na sisi ilipo. Mtu akisema "tufanye kama Chumbe", mwambie aende Mbudya siku ya Idi Pili akahesabu vichwa.

La pili ni Cousin, Shelisheli. Mwaka 1968 kisiwa hicho kidogo kilinunuliwa kwa ajili ya ndege mmoja mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye duniani kote walikuwa wamebaki chini ya 30, wote hapo. Kilikuwa shamba la minazi. Minazi ikaachwa ipungue, msitu wa asili ukarudi, ndege wakaongezeka hadi wakaanza kuhamishiwa visiwa vingine: Aride mwaka 1988, Cousine 1990, halafu Denis 2004. Kilichonikamata mimi ni jambo dogo kuliko hilo. Mgeni anayekwenda Cousin hashuki na boti iliyomleta. Boti yake inasimama nje, yeye anahamia boti ya walinzi wa kisiwa, ile ambayo haijawahi kulala bandarini. Panya akiwa amejificha kwenye boti ya mgeni, anabaki nayo nje. Hili halihitaji fedha za Ulaya. Linahitaji boti moja ambayo haibebi unga.

La tatu ni kisa cha New Zealand. Mwaka 2004 watafiti walimwachia panya mmoja dume, mwenye kifaa cha kumfuatilia, kwenye kisiwa kisicho na panya, waone itawachukua muda gani kumkamata. Walikuwa na mitego, mbwa, wino, kila kitu. Akawakimbia, akaogelea mita 400 za bahari hadi kisiwa cha pili. Alinaswa baada ya wiki 18. Panya mmoja, na wataalamu wa nchi inayoongoza duniani kwa kazi hiyo. Nikisikia mtu anasema "panya wachache tu si neno", nitamsomea hiki.

La nne ndilo nitakalompelekea nahodha. Kwenye visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, vipo vyenye panya na visivyo na panya, vikiwa jirani. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulikuta visivyo na panya vina ndege wa baharini mara 760 zaidi. Ndege hao hula samaki mbali baharini, wanarudi kunya kisiwani, mvua inaosha kinyesi hadi kwenye mwamba, na mwamba unanenepa. Uzito wa samaki kwenye miamba ya visiwa visivyo na panya ulizidi kwa asilimia 48. Kwa hiyo panya wa nchi kavu anamnyima mvuvi samaki wa majini, kupitia tumbo la ndege. Njia ndefu, lakini imepimwa.

Julai, mwishoni

Nimempelekea. Akacheka. "Ndege walipo ndipo dagaa walipo, hilo mbona babu zetu walijua?" Nikasema hapana mzee, hilo ni la ndege kukuonyesha samaki, hili ni la ndege kumlisha samaki. Akanyamaza, akakuna kidevu. "Kwa hiyo wanalipa," akasema. Nadhani wanalipa ndilo neno nitakalotumia kwenye kikao cha BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, badala ya maneno yangu marefu.

Kikao kimefanyika. Kirefu, na nusu yake kilihusu taa za gati. Kwa upande wetu wamekubali vidonge viwekwe chini ya maturubai siku za Ijumaa.

Matokeo ya wiki mbili: meno, kila mara. Zaidi upande wa magunia ya mkaa kuliko upande wa viazi, jambo lililotushangaza hadi kijana mmoja mpakizi aliposema, "Dada, wa viazi anakula anaondoka. Wa mkaa amepanga chumba."

Agosti, bamvu

Tumefika kisiwani. Tulitoka alfajiri kabla upepo haujaamka, tukashukia upande uliokingwa, maji yakiwa juu, kwa sababu yakitoka kinabaki ukingo wa mwamba uliolika chini, wenye makali ya kuchana kandambili na mguu uliomo. Mizigo yetu ilikuwa ndoo mbili zenye vifuniko, zilizofunguliwa na kukaguliwa ufukweni. Hata mkate tuliuhamisha kutoka mfuko wake.

Vidonge na vijumba vililazwa usiku mmoja, vingine chini ya vichaka, vingine kwenye nyufa za jiwe ambako panya angejificha mchana. Asubuhi hakuna kilichoachwa salama. Moyo uliniruka nilipoona cha kwanza kimeliwa nusu. Nikakigeuza kwenye jua: vishimo, mikwaruzo, kipande kilichong'olewa kwa kubanwa. Kaa. Cha pili, kaa. Kwenye karatasi za wino, nukta mamia kwa mamia, na mistari ya wale kaa wanaohamia makombe ya konokono, wakiburuta nyumba zao kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Hakuna mifereji miwili mahali popote.

Hiyo haimaanishi kisiwa hakina panya. Inamaanisha nta za usiku huo hazikuumwa na panya. Tutarudia, na tutarudia tena, kabla ya kuandika neno zito zaidi ya hilo.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusimwage tu sumu ya panya tuondoke na uhakika. Tumeshabishana juu ya hili na nitaliandika lisijirudie. Sumu ya kuzuia damu isigande haimuui kaa. Anakula, anashiba, anatembea nayo mwilini, halafu analiwa na ndege, au na mtu. Kwenye visiwa vya joto, kaa ndio wanaomaliza chambo kabla panya hajakigusa, na ndiyo sababu kazi za kuondoa panya huku ni ngumu kuliko za nchi za baridi. Kumwaga sumu pasipo na panya aliyethibitika ni kuwalisha kaa sumu. Tena si kazi ya wajitoleaji. Ina vibali vyake na watu wake.

Ndege. Hatukukuta yai wala kifaranga. Kulikuwa na kundi la buabua wenye kishungi, wamesimama kwenye ncha ya mchanga wote wakitazama upepo, na mbele yao kitwitwi mla-kaa wa kwanza wa msimu, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kuliko inavyostahili kichwa kile. Hao hutaga Uarabuni na pembe ya Afrika, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, kisha wanakuja kwetu kula kaa.

Kutokuta viota hakunisikitishi kama wengine walivyodhani. Buabua wa kifua cha waridi hawana kisiwa cha kudumu. Wanaweza kutaga hapa mwaka huu, mwakani wakahamia kijiwe kingine bila kuaga, na koloni ikisumbuliwa inaweza kuacha mayai yote ikaondoka. Kwa hiyo kisiwa kitupu si kisiwa kilichoshindwa. Wanachohitaji ni visiwa kadhaa vilivyo safi kwa wakati mmoja, wachague. Mbali kule mashariki, kwenye kina kirefu, kuna kisiwa cha Fungu Mbaraka, tambarare kisicho na mti, na ndege wanataga kule. Kikiharibika kile, hawa wa huku wana pa kwenda wapi? Swali hili ndilo linalonifanya nione hata jiwe dogo la Kunduchi lina kazi.

Kitu kibaya kuliko vyote tulivyoona hakikuwa panya. Kwenye mti mkubwa kulikuwa na kunguru watatu, na chini yake karatasi ya chipsi, mifupa ya kuku, ganda la yai la kuchemsha. Picnic ya hivi karibuni. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Unguja mwaka 1891, enzi za Sir Gerald Portal, ili wasafishe taka za mji. Wamesafisha hadi viota vya ndege wengine. Hawahitaji gunia la mkaa, wanaruka wenyewe, lakini hawaruki bure. Wanafuata makombo.

Septemba, mwanzoni

Dar imeshawahi kuwapunguza kunguru kwa sumu yao maalumu, Starlicide, na waliopungua walirudi, kwa kuwa meza ilibaki imeandaliwa. Sisi hatugusi kunguru. Tumejikita kwenye taka zinazorudi na boti: kila boti inayopeleka watu visiwani irudi na mfuko wa taka, ukabidhiwe mtu ufukweni. Vijana wa boti za abiria wamekubali kirahisi kuliko nilivyotegemea. Wanasema wageni wenyewe huuliza pa kutupa.

Mzigo wa Ijumaa ndio mgumu. Makubaliano yaliyofikiwa ni nusu: vyakula vyote vitalala kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, na mkaa utamwagwa na kujazwa upya kwenye gunia jingine kabla ya kupakiwa. Wapakizi wanataka malipo ya kumwaga mkaa, na wana haki, vumbi lake si mchezo. Tumechanga ya mwezi mmoja. Mapipa yamepatikana, ya mtumba, yaliyobebea zeituni. Kifuniko kimoja kimeshageuka sinia la kuuzia dagaa na tumekikomboa kwa kununua dagaa wote waliokuwa juu yake.

Wazo la boti ya Cousin, ile isiyobeba unga, nimemweleza nahodha. Halikatai. Anasema atatenga ile boti yake ndogo ya fiber kwa ajili ya kisiwa chetu peke yake, isilale pamoja na mashua ya mizigo, lakini kwa sharti moja: mwenye mashua ya pili naye afanye hivyo, kwa sababu hataki kuwa mjinga wa peke yake pale ufukweni. Mwenye mashua ya pili yuko Bagamoyo kwa matengenezo. Anarudi wiki ijayo, na mzee ameshatuambia tumfuate asubuhi, kabla hajapakia.